Saa ya mkono yenye kadrani ya 24: mashine naihakikishaje, na 24 iwe juu au chini?

Himbi_Goma

Jambo wandugu. Hapa Goma kuna saa ya mkono inauzwa, mtindo wa zamani, sura ya saa za marubani. Kadrani, yaani uso wa saa, imegawanywa 24, na mshale wa saa unazunguka mara moja tu kwa siku nzima. Muuzaji anasema ni ya Kirusi, ya kujaza kwa mkono, na kwamba wanaanga ndio walioanzisha mtindo huu. Mkanda wa ngozi, kioo cha plastiki, pete ya nje yenye tarakimu 1 hadi 24 inayozunguka.

Nataka kujua kwanza nitatambuaje kama ndani ni mashine ya 24 kweli, maana kadrani mtu anaweza kuibandika tu. Pili, nimeona nyingine zina 24 juu na nyingine zina 12 juu: ipi inafaa kuvaliwa kila siku? Na ile pete inasaidia kitu au ni pambo? Muuzaji anadai pia inaonyesha kaskazini kwa kutumia jua.

Fundi_Kadutu (Bukavu)

Anza na mashine. Vuta kitufe cha pembeni, weka mshale wa dakika juu kabisa na mshale wa saa kwenye 24, halafu zungusha dakika mzunguko mmoja kamili. Mshale wa saa lazima utoke 24 ufike 1, basi. Ukifika 2, umeuziwa mashine ya kawaida ya 12 iliyovalishwa uso wa 24. Usikubali maelezo ya «itarekebishwa». Tofauti iko kwenye meno ya magurudumu yaliyo chini ya kadrani: la kawaida linapunguza mwendo wa dakika mara 12, hili linatakiwa lipunguze mara 24. Kubadilisha mishale au kadrani hakugusi hesabu hiyo.

Kisha muuzaji afungue mfuniko wa nyuma mbele yako. Kama ni Raketa (chapa ya Kirusi), namba ya mashine imepigwa kwenye chuma karibu na gurudumu linalotetemeka. 2623 ndiyo ya 24. 2609 ni ya 12, nayo imejaa sokoni, ndiyo maana watu huivalisha kadrani za uongo. Kama ni Vostok, chapa nyingine ya Kirusi, inayojijaza yenyewe, tafuta 2431. Ile 2416 ni ndugu yake wa saa 12.

Kadrani yenyewe ichunguze kwa lenzi. Kwenye uso wa 24, tarakimu shufwa lazima zilale sawasawa juu ya alama za dakika tano tano: 2 kwenye dakika ya 5, 4 kwenye ya 10, 6 kwenye ya 15, 12 kwenye ya 30. Witiri zinaanguka katikati, nusu ya njia kati ya alama mbili za dakika. Kadrani iliyochapishwa upya mtaani hukosea hapo hapo, utaona 8 imekaa pembeni kidogo ya alama yake. Herufi nene zenye kingo zilizotapakaa ni dalili nyingine.

Na kuna saa zenye duara dogo la 24 ndani ya kadrani ya kawaida. Hizo si za aina hii, mshale wao mkubwa bado unazunguka mara mbili kwa siku. Wauzaji wengi wanazichanganya, wengine kwa kutojua.

Jambo moja la usalama: kama ni kuukuu kweli, ya kabla ya miaka ya 1970, na rangi ya kung'aa gizani imegeuka kahawia na kuunguza kadrani, inaweza kuwa radiamu. Usiifungue nyumbani na usiikwangue. Vumbi lake likiingia mwilini ni sumu ya mionzi, hata kama rangi haing'ai tena. Saa mpya za mtindo wa zamani hazina tatizo hilo.

Kamalondo_24 (Lubumbashi)

Fundi amemaliza upande wa mashine. Mimi naongezea kusoma, maana ndipo watu wanapoiacha saa baada ya wiki moja.

Mshale wa dakika unausoma kama siku zote, hakuna kilichobadilika. Shida iko kwenye mshale wa saa: unatembea nyuzi 15 kwa saa badala ya 30, kwa hiyo nafasi kati ya tarakimu ni nusu ya ile uliyozoea. Saa 13h50 mshale umebakiza nyuzi 2 na nusu tu kufika 14. Jicho linaona 14, dakika zinasema 50, na wewe unatamka 14h50. Kanuni ni moja: dakika zikipita 40, soma tarakimu ambayo mshale umeiacha nyuma, kamwe si ile unayoikaribia.

Kwa sababu hiyo mshale wa saa ukiwekwa vibaya na fundi unasumbua kuliko kwenye saa ya kawaida. Upotovu wa nyuzi 3, ambao kwenye kadrani ya 12 ni dakika 6 na mtu haoni, hapa ni dakika 12. Kabla ya kulipa, weka mshale wa dakika kwenye 60 sawasawa, uone kama wa saa unalala sawasawa juu ya tarakimu. Rudia kwenye 6, 12 na 18. Ukiwa sawa mahali pamoja na kupotea pengine, kadrani haijakaa katikati au mshale umepinda. Ukipotea kiasi kile kile kote, umebanwa vibaya, na kuurekebisha ni kazi ndogo: fundi anaung'oa na kuubana upya. Kama saa ina tarehe, azungushe mbele polepole mpaka tarehe iruke, asimame hapo hapo, ndipo abane mshale wa saa juu ya 24 na wa dakika juu ya 60.

24 juu au 12 juu? Kwa mkaaji wa Goma mimi nasema 12 juu, bila kusita. Mji wako uko karibu nyuzi 1 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Jua linachomoza karibu na 6h na kuzama karibu na 18h mwaka mzima, na mchana hauzidi saa 12 na robo hata Desemba. Kadrani yenye 12 juu inakuwa picha ya anga: asubuhi mshale unapanda kutoka kushoto, adhuhuri uko juu, jioni unashuka kulia, na nusu yote ya chini ni usiku. Ulaya picha hiyo inaharibika kila msimu. Hata hapa Lubumbashi, nyuzi 11 na zaidi kusini, kuna tofauti ya zaidi ya saa nzima kati ya mchana wa Juni na wa Desemba. Kwenu haiharibiki. Wenye 24 juu wanajitetea kwamba mshale unaanza siku pale pale dakika zinapoanzia. Hoja ina nguvu kwa mtu wa zamu za usiku, si kwa wengine.

Habari ya wanaanga ni nusu kweli. Mwanaanga Mmarekani Scott Carpenter alivaa saa ya Breitling ya 24 alipozunguka dunia mara tatu tarehe 24 Mei 1962, kwa sababu huko juu jua linachomoza kila baada ya saa moja na nusu hivi, na 3 ya usiku haitofautiani na 3 ya mchana. Maji ya bahari yaliiharibu saa hiyo baada ya kutua. Lakini saa ya Glycine Airman ya marubani ilishatoka 1953, na ndani ya kanisa kuu la Florence kuna saa ya ukutani ya 1443 yenye tarakimu 24, mshale mmoja unaorudi kinyume, inayoanza kuhesabu jua linapozama. Wanaanga walikuta karamu imeshaanza.

Himbi_Goma

Aksanti sana. Nimejaribu kuzungusha: mzunguko mmoja, imetoka 24 ikafika 1. Nyuma imeandikwa 2623. 24 iko juu, lakini nadhani nitazoea. Pete sasa: nina watu wa kupigia Kinshasa na Dar es Salaam.

Nguba_Bkv (Bukavu)

Pete ndiyo faida kubwa ya saa hii. Kwenye saa ya 12 pete kama hiyo inahitaji mshale wa nne, kwako wa kawaida unatosha. Acha mishale ionyeshe saa ya Goma, kisha tazama 24 ya pete inaangukia wapi kwenye kadrani:

Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, 24 ya pete iende kwenye 1.
Saa ya kimataifa ya marubani (UTC) iko mbili nyuma, iende kwenye 2.
Dar es Salaam na Kampala ziko moja mbele, iende kwenye 23.

Kisha mshale ule ule unausoma kwenye kadrani kwa Goma na kwenye pete kwa huko. Kigali na Gisenyi hazihitaji chochote, saa ni moja. Lusaka vilevile.

Kama pete inagonga, hesabu kwanza migongo, yaani milio ya «tik» ya mzunguko mmoja. Yenye 120, saa moja ni migongo 5. Yenye 60, saa moja ni migongo miwili na nusu, kwa hiyo haitatulia popote kwa Kinshasa wala Dar, itafaa kwa tofauti za saa mbili mbili tu. Na pete za saa za kupigia mbizi zinakwenda kinyume tu: Dar ni migongo 5, Kinshasa ni 115 kuzunguka karibu duara zima. Pete isiyogonga, ya kuteleza tu, hapa ni bora, ila angalia isigeuzwe na mkono wa koti.

Kuna matumizi mengine ambayo hakuna kiwanda kilichoyafikiria. Peleka 24 ya pete kwenye 6 ya kadrani, robo duara. Sasa pete inasoma saa za Kiswahili: 7h ni 1, adhuhuri ni 6, 18h ni 12. Usiku inaendelea 13, 14, 15, unatoa 12 tu. Tarakimu hazihitaji kuchorwa upya, na bibi yako anayesema saa mbili asubuhi hatakuchanganya na karatasi ya ofisi iliyoandikwa 8h00.

Fundi_Kadutu

Kama ni 2623 ya kujaza kwa mkono, ijaze kila asubuhi saa ile ile, ukiwa umeivua. Ukijaza ikiwa mkononi unakisukuma kitufe kwa pembe na shina lake linapinda. Ukihisi imekaza, simama, usilazimishe robo ya mwisho. Kwa watakaopata Vostok 2431: akiba yake ni kama saa 31, ukiivua Jumamosi jioni Jumatatu utaikuta imelala. Ile kitufe chake kinafungwa kwa kuzungushwa, na kikifunguliwa kinalegea na kuyumba. Kimeundwa hivyo, hakijavunjika. Tarehe yake haina njia ya mkato: pita 24, rudi nyuma mpaka karibu na 20h, pita 24 tena, kila mara siku moja. Isiporuka, rudi mpaka 19h. Kiwanda kinakubali ipoteze hadi sekunde 20 au iongeze hadi 60 kwa siku, kwa hiyo usimlaumu fundi kwa sekunde 40.

Mshale wa sekunde kwenye hizi hausimami ukivuta kitufe. Ukiwa umekivuta, kizungushe kidogo sana kinyume na mwendo, sekunde zitasita. Achia pale redio au simu inapofika dakika kamili. Angalia simu iko kwenye mtandao gani, karibu na Bunagana, mpakani, inaweza kushika minara ya Uganda na kuruka saa moja mbele.

Sasa Goma yenyewe. Vumbi la mawe ya volkano ni kali kama msasa. Kioo cha plastiki kitachubuka, lakini kinatibika: bandika utepe kwenye chuma chote kinachozunguka kioo, weka dawa ya meno kidogo juu ya kitambaa cha pamba, sugua kwa miduara dakika tatu au nne, futa kwa kitambaa chenye unyevu. Usikiweke chini ya bomba. Raketa za mtindo huu si za maji, mvua ya Aprili ukiwa juu ya taximoto inatosha kuingia kupitia kitufe. Ukiona ukungu ndani ya kioo, ipeleke ifunguliwe siku hiyo hiyo. Usiianike juani, mvuke unahamia kwenye chuma na kutu inaanza.

Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, ni sumaku kabla ya kitu kingine chochote. Isogeze karibu na dira, sindano ikicheza umepata jibu. Spika kubwa na kifuniko cha simu chenye sumaku ndio wachawi wa kawaida. Kuiondoa sumaku ni kazi ya dakika moja kwa fundi mwenye kifaa, msikubali kulipia usafishaji kamili kwa jambo hilo.

Kamalondo_24

Dira ya jua haijajibiwa. Usiitegemee. Njia hiyo inataka jua lizunguke upeo kwa mwendo sawa, upande mmoja wa mbingu mwaka mzima. Goma jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, na upande wa kusini miezi inayobaki. Mbaya zaidi, asubuhi nzima linabaki mashariki, kisha karibu na adhuhuri linavuka ghafla kwenda magharibi. Mshale wa saa unasogea nyuzi 15 kila saa, jua halifanyi hivyo. Saa 10h utapata kosa la kukupeleka kijiji kingine.

Kabla ya saa 9h, jua lenyewe ni mashariki, kwa kosa lisilozidi nyuzi 35 hivi. Baada ya 15h ni magharibi. Kati ya hapo tumia volkano ya Nyiragongo, ipo kaskazini mwa mji.

Himbi_Goma

Mshale wa saa umepotea nyuzi kama 2 kote, kwenye 6, 12 na 18 sawa. Nimeomba apunguze bei kwa sababu hiyo, amekubali. Hapa mtaani Birere kuna fundi mwenye kifaa cha kung'olea mishale?

Fundi_Kadutu

Wapo. Muulize kwanza kama ana karatasi laini au plastiki ya kukinga kadrani wakati wa kung'oa. Akisema haihitajiki, shukuru uondoke.