Tupeane uzoefu: ni somo gani umelifundisha vizuri zaidi kwa kishikwambi?

Walimu wenzangu, salaam. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu wa Tanzania, lakini tunazungumzia zaidi nani alikosa kuliko somo lililofundishwa. Naomba kila mmoja asimulie somo moja tu.

Mimi nafundisha hisabati kidato cha kwanza. Katika mlinganyo wa mstari, y = mx + c, nilizoea kuchora grafu mbili ubaoni, na kipindi kikaisha. Sasa natumia GeoGebra, programu ya bure ya kuchora grafu ambayo ikishapakuliwa haidai bando: kundi linazunguka kishikwambi kimoja, na kabla ya mmoja wao kubadilisha thamani ya m, yaani mteremko wa mstari, wenzake hutabiri kama mstari utasimama zaidi au utalala. Bila utabiri huo wangekuwa wanatazama sinema. Tulipofika kwenye m hasi, ulizuka ubishi ambao chaki haikuwahi kunipatia.

Mkufunzi, chuo cha ualimu: Mwalimu, hapo kwenye kutabiri ndipo wanachuo wetu wengi wanapokwama, kwa sababu TEHAMA wameisoma kama somo la kufanyia mtihani, na wakienda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, hugeuza notisi kuwa slaidi. Watafiti wa elimu Mishra na Koehler walieleza mwaka 2006 kwamba ujuzi wa teknolojia, wa ufundishaji na wa somo lenyewe lazima ukutane ndani ya mwalimu mmoja. Mimi huwarekodi kwa simu wakifundishana, kisha kila mmoja anajitazama. Mwanachuo mmoja aligundua kwamba karibu kila swali alilouliza alilijibu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia hivyo mara nyingi, lakini aliamini alipojiona.

Mwalimu wa msingi, Kenya: Kwetu vifaa vilianza kufika mwaka 2016 kwa watoto wa darasa la kwanza, ingawa shuleni kwangu vilikaa kabatini muda mrefu kwa hofu ya wizi. Kilichonifaa zaidi ni hadithi zenye sauti, kwa kuwa mtoto anayeona haya kusoma mbele ya wenzake husikiliza, hurudia polepole, kisha hujitolea mwenyewe.

Mwanzisha mada: Ahsante, mwalimu. Mkufunzi, hizo video mnazihifadhi wapi?

Mkufunzi: Hurekodiwa kwa simu ya mwanachuo mwenyewe na hubaki kwake. Nilipokuwa nazihifadhi mimi, walifundisha kwa woga, kana kwamba wanakaguliwa.