Hasira za rais: ni tabia yake binafsi, au ni hoja ya wapiga kura?

Naliweka hili mezani wadau, kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia tunasikia utetezi ule ule: "Mwacheni, ni mkali lakini anachapa kazi." Wapo wanaoamini kabisa kwamba kiongozi asiyefoka hana uchungu na nchi. Msimamo wangu: mtu akishapewa kalamu ya kuteua na kutengua, hasira zake zinatuhusu sote, na tuzipime kama tunavyopima sera zake.

Chukueni Septemba 1, 2017. Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga, kwa wingi wa majaji 4 dhidi ya 2, ilibatilisha ushindi wa Uhuru Kenyatta wa Agosti 8. Uhuru akahutubia taifa kwa utulivu: hakubaliani na uamuzi, ila anauheshimu, na Wakenya wadumishe amani. Hotuba ya kiungwana. Siku hiyo hiyo yuko Soko la Burma, Nairobi, umati umemzunguka, anawaita majaji "wakora". Kesho yake akasema mahakama ina tatizo na lazima lishughulikiwe.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Nani asingechemka? Na alitii: uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusema.

Hayakuishia hapo. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea majina 41 ya waliopendekezwa kuwa majaji. Kifungu cha 166 cha Katiba kinamtaka rais awateue kwa mapendekezo ya tume, wala hakimpi ruhusa ya kuchambua nani amfae. Akayakalia majina hayo karibu miaka 2, licha ya amri za korti. Kumbukeni 20 kati yao walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Anayejua kesi za mashamba huku Pwani anaelewa maana yake: mzee anakwenda kortini na hati zake kwenye mfuko wa nailoni, anapewa tarehe nyingine, anarudi nyumbani, na aliyevamia shamba anaendelea kujenga.

Juni 2021 akateua 34 na kuwaruka 6. Mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki. Kati ya walioachwa ni George Odunga na Joel Ngugi, waliokuwa katika jopo lililouangusha mpango wa BBI wa kubadili Katiba, mpango wa rais mwenyewe, Mei 13, wiki 3 tu nyuma. Sababu aliyotoa ni uadilifu. Lakini 4 kati ya hao 6 walikuwa majaji wa Mahakama Kuu waliokuwa wakipanda ngazi kwenda Mahakama ya Rufani, na waliendelea kukaa kitini wakiamua kesi za watu. Kama uadilifu ulikuwa na doa, mbona waliachwa hapo? William Ruto alipoingia Septemba 2022, kuwateua wote 6 kulikuwa miongoni mwa mambo yake ya kwanza kabisa. Sisemi kila kitu kilikuwa hasira, siasa ilikuwamo. Ila ukitoka Burma hadi kwenye orodha ile, ni vigumu sana kuona palipopoa.

Mtaniambia ukali wa Magufuli ulinyoosha mambo. Baadhi ya mambo ulinyoosha kweli, na nidhamu ofisini ilionekana. Lakini Aprili 2016 alimwondoa Anne Kilango Malecela ukuu wa mkoa wa Shinyanga, hata mwezi haujatimia tangu amteue, kwa kusema mkoa hauna watumishi hewa ilhali wapo. Januari 2017 akamteua mbunge. Kama hakufaa kuaminiwa na mkoa, bungeni alifaa vipi? Na wakuu wa mikoa waliobaki walijifunza nini kuhusu kumpelekea bosi taarifa asiyopenda kuisikia? Hili ndilo linalonitisha kuliko matusi: wasaidizi wakianza kupima hali ya hewa ya mkubwa kabla ya kumwambia ukweli, rais anaamua mambo akiwa gizani.

Kwa hiyo nawauliza ninyi mnaosema ukali ni kazi: nitajieni uamuzi mmoja mzuri wa rais yeyote wa ukanda wetu ambao usingewezekana bila hasira. Nataka uamuzi wenyewe na matokeo yake. Hotuba tunazo za kutosha.