Kabula Alivyosimamishwa Reno: Gumzo la Ukoo Wetu wa Ilemela

Mama Kabula (Nyegezi): Shikamooni wakubwa wote. Kabula amenipigia simu saa tatu asubuhi ya leo, huko kwake ikiwa bado ni usiku, sauti ikimtetemeka. Alikuwa akirudi kutoka maktaba kwa miguu pale Reno, jimboni Nevada huko Marekani, askari akamsimamisha, akamwambia kwamba duka la jirani limevunjwa na kwamba koti lake linafanana na la mtu anayetafutwa, kisha akamwuliza jina. Wifi yangu, wewe ni wakili. Je, mtoto alilazimika kujibu?

Kabula (Reno): Shikamooni. Jina nililitaja, lakini aliponiuliza ninakaa na nani na nilikuwa wapi tangu jioni, nilinyamaza. Aliniachia baada ya muda mfupi, nami hadi sasa sijapata usingizi.

Shangazi (Kirumba): Marahaba, mwanangu, na pole sana. Hukukosea hata kidogo. Sheria ya jimbo la Nevada inasema kwamba askari akiwa na sababu ya kweli ya kukushuku kuwa umehusika na uhalifu, anaweza kukuzuia kwa muda usiozidi dakika 60, na katika muda huo unatakiwa kujitambulisha, lakini hulazimishwi kujibu swali jingine lolote. Mfugaji mmoja wa jimbo hilohilo, Larry Dudley Hiibel, aliombwa mara 11 ajitambulishe mwaka 2000, akakataa kila mara, akatozwa faini ya dola 250. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2004 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba jimbo linaweza kumdai mtu jina lake, mradi kule kusimamishwa kwenyewe kuwe halali. Kutaja jina kulitosha. Sheria hiyo haikumdai kitambulisho.

Babu: Marahaba, wanangu. Wengine humu hamkumbuki kodi ya maendeleo kabla haijafutwa mwaka 2003. Mgambo walitungoja gulioni na mwaloni, na asiye na stakabadhi aliondoka nao, bila mtu kumwuliza kosa lake. Mimi mwenyewe niliwahi kulala ndani ya mtumbwi nikiwakwepa. Ninachotaka kujua ni hiki: huko Marekani askari anaweza kumsimamisha mtu asiyeshukiwa kwa lolote, akamdai jina, akamfunga kwa kunyamaza?

Shangazi (Kirumba): Shikamoo, baba. Hawezi. Mwaka 1979, katika kesi ya Brown dhidi ya Texas, mtu alisimamishwa kwenye kichochoro mjini El Paso kwa sababu tu askari walimwona wa kutiliwa mashaka na hawakuwahi kumwona mtaani hapo. Alikataa kujitambulisha, akatiwa hatiani, na majaji wote wa Mahakama ya Juu wakaifuta hatia hiyo.

Mjomba (Igoma): Na dereva je? Mimi huku Barabara ya Musoma leseni ninaitoa kabla sijaombwa.

Shangazi (Kirumba): Dereva akisimamishwa kihalali anatoa leseni, kaka, huko kama huku. Lakini kabla ya hapo, Kabula, nisomee hili taratibu, kwa kuwa ndilo linaloninyima raha. Hayo niliyoeleza yanamhusu kila mtu. Wewe ni mgeni, na sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inamtaka kila mgeni aliyetimiza miaka 18 awe na hati ya usajili wake muda wote. Ile fomu ya kuingilia nchini, I-94, ni miongoni mwa hati hizo. Yako iko wapi?

Kabula (Reno): Iko sandukuni chini ya kitanda, shangazi, pamoja na pasipoti.

Mama Kabula (Nyegezi): Uuwi! Mwezi wa tano huu unatembea mikono mitupu?

Shangazi (Kirumba): Itoe leo, na kesho uende kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu akuhakikishie hati zipi za kubeba. Siku nyingine mwulize askari kwa upole kama uko huru kuondoka; akisema ndiyo, ondoka bila kukimbia. Akisema umezuiliwa, taja jina lako la kweli, kisha useme kwamba hayo mengine hutayajibu bila wakili. Jina la uongo usilitaje kamwe, hata kama umeogopa kiasi gani, kwa maana kunyamaza kunaweza kutetewa, na uongo utakushtaki wenyewe.

Kabula (Reno): Nimeitoa, shangazi. Iko kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Babu: Koti lipi? Si lile lililofanana na la mwizi?

Kabula (Reno): Ndilo hilo, babu. Sina jingine la baridi.

Mama Kabula (Nyegezi): Kesho ninakutumia hela ya koti.