Wajukuu wa Bi Zuhura 🌙 (futari ya Jumamosi)

Jumatano

19:02 Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum. Futari Jumamosi kwa Mama, Ngamiani. Mihogo Salma, samaki Kaka Bakari, tambi mimi, paketi nne. Kila nyumba elfu kumi. Nani katuma?

19:48 Shangazi Mwanaidi: Tiki za buluu kumi na moja. Nawaona.

20:10 Rehema: Shikamoo shangazi. Babu juzi kliniki sukari ilisoma 14. Tambi za sukari tena?

20:11 Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Babu yako kala tambi hujazaliwa.

20:11 Juma: Ndo maana anaumwa 😂

20:12 Shangazi Mwanaidi: Juma, adabu.

20:19 Rehema: Tambi zenyewe hazina neno. Gramu 100 kavu ni kalori kama 350, protini gramu 12 hivi. Paketi nne za nusu kilo ni 7,000. Sasa mwaka jana mlitia sukari kilo nzima, hiyo karibu 4,000. Mafuta ya kukaangia nusu lita, 4,000 nyingine na ushee. Vikolezo vimezishinda tambi! Tui sijaligusa.

20:20 Juma: Kumbe tunafuturu sukari ya kukaanga, tambi pambo tu

20:26 Ba Mdogo Hamisi: Mbona zikiiva ni 150 tu?

20:27 Rehema: Kwa gramu 100 ba mdogo, zimeshakunywa maji. Paketi ni ile ile.

20:28 Juma: Tuzichemshe mpaka ziwe uji, tumalize kesi

20:30 Rehema: Hapo ndo unaharibu. Zikiwa rojorojo sukari inapanda upesi. Zitolewe bado zina ugumu kidogo katikati.

20:31 Shangazi Mwanaidi: Tambi ngumu mbele ya wakwe? Nisemwe mpaka Pongwe?

20:44 Mama Salma: Zinapikiwa sufuria lipi? Lile kubwa liko kwa mtu tangu harusi ya Asha.

20:45 Shangazi Mwanaidi: Wifi, taja jina.

20:45 Mama Salma: Mwenyewe anajijua. Na mfuniko wake.

20:46 Juma: Mfuniko nimeuona, umeanikiwa dagaa 🏃🏾

20:47 Shangazi Mwanaidi: Sufuria lile alinipa Mama kwa mkono wake!!

20:49 _Ujumbe huu umefutwa_

21:15 Bibi Zuhura: 🎤 0:38

21:20 Ba Mdogo Hamisi: Simu yangu haifungui sauti. Kasemaje?

21:24 Rehema: "Tambi zipikwe, sukari isitiwe humo. Iwekwe pembeni kwenye kibakuli, anayetaka ajinyunyizie. Babu yenu nitampakulia mimi, kidogo, na maharage juu. Na sufuria langu niliazimisha, sikutoa."

Alhamisi

06:15 Shangazi Mwanaidi: Sawa Mama.

06:16 Shangazi Mwanaidi: Kaka Bakari, samaki?

13:30 Juma: Tambi bila sukari si ndo spageti 🤔

13:31 Rehema: Juma kalale.

Ijumaa

17:52 Kaka Bakari: Ndo nawasha simu. Samaki gani?

17:53 Shangazi Mwanaidi: Ya Rabi. Mchango umefika elfu ishirini tu. Nazi nani analeta?

18:40 Salma: Mihogo ninayo. Nazi sina.

21:07 Shangazi Mwanaidi: Sufuria nitakuja nalo. Mfuniko bado nautafuta.

21:08 Mama Salma: 👍🏾