Mrejesho: pilipili zangu za ndoo, Goma

Aksanti sana bandugu. Niliuliza juu ya miche ya pilipili iliyokuwa inageuka manjano, udongo wetu wa volkano nimechanganya na mboji na samadi ya sungura, na kila asubuhi nilikuwa nanyeshea halafu naongeza mbolea ya maji. Mukasema si njaa, mizizi inakosa hewa sababu ya maji mengi. Kweli kabisa, nilichimba na kidole udongo ukanuka kama mtaro! Nikaacha kunyeshea siku 5, nikatoboa ndoo chini, nikafunika juu na majani makavu ya migomba. Sasa ni kikombe kimoja tu cha maji, kidole kikikuta pakavu, mbolea sijaongeza hata kidogo sababu chakula kiko tayari ndani ya mboji. Juzi jani jipya limetoka, kijani safi, nikaita mama aone. Tuinzi tweusi twenye tulikuwa tunaruka juu ya udongo tungali tuko ila tunapungua.