Naomba ushauri: michoro yangu ya akriliki inakuwa migumu, nataka mkono uwe huru

binti_wa_temeke

Habari zenu wakuu. Nachora kwa akriliki mwaka wa pili sasa, jioni nikitoka kazini na Jumapili. Sichori simba wala mlima. Napenda vitu vya mtaani kwetu: bajaji imeegeshwa chini ya mwarobaini, ndoo za plastiki zimepangwa nje ya duka, mama anamenya machungwa. Natamani mchoro ambao ukiusogelea unaona mabaka ya rangi tu, ukirudi nyuma hatua tatu unamwona mtu.

Sifiki hapo. Wiki iliyopita nilichora meza ya muuza maembe wa kituoni kwetu, ana mwamvuli wa njano. Mwanzoni picha ilikuwa hai. Kisha nikaanza kurekebisha vidole, nikazungushia kila embe mstari, nikafuata kila ua la kanga yake. Kufika saa nne usiku maembe yote yamekaa kama ya plastiki. Iliniuma, maana ile meza naipita kila asubuhi na najua inavyowaka.

La pili, rangi inanikaukia. Naikamua kwenye sahani, kabla sijachanganya vizuri imeshafanya ngozi. Halafu ikikauka kwenye picha inakolea, haifanani tena na niliyoichanganya. Kwa joto hili la Dar mnafanyaje?

brashi_pana

Dada, tuanze na joto maana hilo dawa yake ipo jikoni. Akriliki inakauka kwa maji yake kupotea hewani, basi yazuie yasipotee haraka. Chukua kontena bapa la chakula lenye mfuniko, tandika ndani kitambaa kilicholowa ila hakitiririki, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Rangi kamulia hapo. Ukimaliza funika, kesho yake unaikuta bado laini. Chupa ya kupulizia maji, zile za saluni, iwe karibu. Na feni ikupige wewe, isipige rangi.

Usiokoe rangi kwa maji mengi lakini. Ukiizimua kupita kiasi gundi yake inakuwa dhaifu na haishiki vizuri.

Kukolea ni kawaida yake. Ile gundi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu, ule weupe unaondoka na rangi inashuka. Kwa hiyo changanya iwe nyeupe kidogo kuliko unavyotaka, paka kwenye kipande cha boksi, subiri dakika chache ndipo uamue.

mzee_wa_hadibodi

Binti yangu, unachorea nini? Kama ni kanvasi ya dukani naelewa kwa nini mkono unakaza. Mtu akiogopa kuharibu kitu cha bei anaanza kurekebisha rekebisha.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alipoanza hapa Dar mwaka 1968 alichorea hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, tena kwa rangi za kupakia baiskeli. Nunua shiti moja ya futi 4 kwa 8, fundi akukatie vipande vya futi moja moja, unapata 32. Ukiharibu 10 bado una 22. Piga msasa mwepesi, paka rangi ya maji ya ukutani, nyeupe ile isiyong'aa, mara mbili. Kwa mazoezi inatosha. Picha ya kuuza itengenezee kwa geso, ile rangi ya wachoraji ya kupaka chini kabla ya kuchora. Rangi ya mafuta usiipake chini, akriliki haiishiki vizuri.

mwl_rangi

Mdogo wangu, mimi nakaa hapo kwenye maembe. Nadhani ulipoanza ulikuwa unachora mwanga, baadaye ukaanza kuchora unavyovijua: vidole vitano, maua ya kanga.

Piga picha ile meza kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha uitazame ukiwa umefinya macho. Utaona mabaka makubwa matatu au manne: mwanga, wastani, giza. Yachore kwa penseli kwenye kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Hapo ndipo uchukue muda wako wote. Mabaka yakikaa sawa, rangi unaweza kuitupa kwa brashi ya inchi mbili na embe likabaki embe. Yakikaa vibaya, hata uchore kila kikonyo haitasaidia.

Sasa mwamvuli. Jua la saa sita likipita kwenye kitambaa cha njano, kila kilicho chini yake kinapokea njano: bega la yule mama, blauzi nyeupe, hata sinia. Nje ya mwamvuli, kivuli kinachoanguka chini kinaelekea bluu, kwa sababu kinamulikwa na anga. Weka hiyo bluu pembeni ya njano uone meza itakavyowaka. Nyeusi ya tyubu iache. Bluu nzito ukichanganya na kahawia unapata giza lenye uhai. Embe moja tu lililopigwa na jua lipe mguso mmoja mnene wa nyeupe yenye njano, na usiuguse tena.

Kanga ina pindo, mji na jina. Kutoka ulipokuwa umesimama unaona pindo jeusi na mji mwekundu. Jina halisomeki, basi usiliandike.

kijana_ilala

Nakubaliana na mwalimu ila naongeza: kwanza paka ubao wote rangi nyepesi ya udongo, uache ukauke. Ukiacha nafasi kati ya mabaka, ule udongo unachungulia na picha yote inashikana. Pia pita Nafasi Art Space, Mikocheni, uone wasanii wanavyofanya kazi. Kumtazama mtu akiacha kitu bila kukimalizia kulinifundisha sana.

binti_wa_temeke

Narudi na mrejesho, asanteni mno. Shikamoo mzee, shiti nimeipata, fundi amenikatia, vipande vimejaa chini ya kitanda. Kontena la kitambaa limefanya kazi, rangi ya juzi leo bado laini.

Maembe nimeyarudia mara nne. Ya tatu ndiyo niliyoiweka ukutani: kanga ni mapigo sita ya brashi, na dada yangu alipoingia tu akasema, "Huyu si mama wa kituoni?" Uso sijauchora kabisa, kuna baka la kahawia na ukingo wa njano shavuni.

Mwalimu, bluu ya kivuli kwenye mchanga mkavu imenitoka vizuri. Jumamosi alfajiri nataka kwenda soko la samaki la Feri kuchora samaki, na pale sakafu ina maji, kila kitu kinang'aa. Hapo kivuli nakitafutaje?