Sensa ya unyevu inasema udongo umelowa lakini nyanya zinanyauka, nifanyeje?

Nyanya_Mbuyuni

Habari zenu wakuu. Niko Ruaha Mbuyuni, nalima nyanya ekari moja kwa dripu, laini zimepishana mita 1.2 na matundu yako kila sentimita 30. Maji napandisha na pampu ya sola mpaka kwenye tenki la lita elfu 5, asubuhi naachia tenki zima jioni naachia lingine. Shamba lenyewe haliko sawa, huku juu ni kichanga, ukishuka kuelekea mtoni ni mfinyanzi ule mweusi unaonata kwenye buti.

Sasa nilinunua hizi sensa za bei chee, kile kibao cheusi chembamba, dogo mmoja akaniunganishia nikawa napata asilimia kwenye simu. Nimeichomeka huku chini kwenye mfinyanzi, pembeni kabisa ya tundu la dripu. Muda wote inacheza 60 mpaka 65, yani udongo umelowa, lakini ikifika saa saba mchana miche imelala mpaka inatia huruma, na matunda ya mwanzo yanaoza kitako. Wauza pembejeo wananiambia ni kalsiamu nipige ya majani. Naomba kujua sensa ndo mbovu au? Inatakiwa iende chini kiasi gani, ikae umbali gani na tundu, na nikiona namba gani ndo nifungue maji? Ada ya watoto iko kwenye hili shamba, sitaki kubahatisha.

FundiSaketi

Kaka hiyo 60 isikupe imani, hiyo sio asilimia ya maji yaliyomo kwenye udongo. Mara nyingi mtu anayefunga anaisoma ikiwa hewani anaita 0, anaitumbukiza kwenye glasi ya maji anaita 100, basi imeisha. Kwa hiyo 60 yako inasema tu uko mahali fulani kati ya hewa na glasi, haijui kama ni kichanga au mfinyanzi. Na hapo ndo penye kazi, kwa sababu mfinyanzi unaweza ukawa na maji asilimia 20 na kitu ya ujazo wake na mmea unakufa kiu kabisa maana udongo umeyang'ang'ania, wakati kichanga kikiwa na 15 tu mmea unakunywa bila shida.

Fanya hivi: chukua udongo wa juu na wa chini kila mmoja kivyake, anika jua kali mpaka ukauke kweli kweli, pima kilo moja weka kwenye kopo, shindilia, chomeka sensa, andika namba ghafi (ile sensa inayotoa yenyewe kabla haijageuzwa asilimia). Mwaga, changanya na maji mililita 50, shindilia vile vile, soma tena. Endelea hivyo hivyo mpaka udongo uanze kuwa tope. Hiyo karatasi utakayoandika ndo sensa yako halisi, ile asilimia ya kwenye simu achana nayo. Namba ghafi kwenye hizo za kapasita kama yako inashuka maji yakiongezeka, usije ukadhani imeharibika.

Halafu mwambie dogo aangalie mambo kadhaa. Chipu ndogo ya taima hapo kwenye kibao, kuna kopi zinawekewa NE555 ambayo inataka volti 4.5 kwenda juu, ukiilisha 3.3 inakupa namba za ajabu. Kama ametumia ESP32 (kile kibao chenye waifai kinachotuma namba kwenye simu) waya wa sensa usikae kwenye pini za kundi la ADC2, waifai ikiwaka hizo hazisomi, ahamishie pini 32 mpaka 39. Na kingo za kibao zinanyonya maji, zipakwe epoksi au hata rangi ya kucha mikono miwili mitatu, sehemu ya juu yenye vifaa ivalishwe mpira wa kusinyaa. Bila hivyo baada ya muda itakuwa inakusomea "mvua" hata kiangazi. Ila nakupongeza hukununua zile za miguu miwili ya chuma, zile zinaliwa na kutu upesi sana na ukiweka mbolea kwenye maji chumvi inazidanganya zinasema pamelowa wakati pakavu.

Isinya254

Sasa mkuu, mimi niko Kajiado huku kwa black cotton, mfinyanzi kama wako tu. Ukichomeka kitu kwa mfinyanzi mkavu kwa nguvu unaacha nafasi kando yake, hapo hewa inaingia, na ukifungulia dripu maji yanateremka kwa huo ufa moja kwa moja mpaka kwa sensa. Inasoma imelowa na sentimita tano kando ni jiwe. Nimeona hii kwa mashamba mengi sana ya jirani zangu, na wengi wanalaumu sensa.

Lowesha hapo siku moja kabla. Toboa shimo na bomba ama nondo ya upana wa sensa, chukua ule udongo umetoa (wa kina hicho hicho, usichanganye na wa juu), ufanye uji mzito na maji, mwaga kwa shimo ndio udumbukize sensa, udongo uishike pande zote. Juu shindilia na uweke kilima kidogo ili maji yasisimame hapo. Kisha usiamini namba mpaka imwagiliwe na kukauka mara kadhaa. Na waya usiuache juu, fukia kando ya mstari na upigilie kigingi cha rangi kali, kwa sababu siku ya palizi jembe litaukata, hiyo ni uhakika.

Umbali, mimi naweka sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa tundu, upande wa mmea. Chini kabisa ya tundu kila wakati ni mvua hata kama shamba limekauka.

MzeeMifereji

Wanangu mmesema vizuri kuhusu chombo, ila hebu turudi kwenye maji yenyewe kwanza. Ekari ni mita za mraba 4,047. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Wewe unaachia lita elfu 10 kwa siku, gawanya, ni milimita 2.5. Nyanya iliyofunga matunda, kwenye joto la huko Mbuyuni, inataka milimita 5 hadi 6 kwa siku. Ukihesabu kwa matundu, laini za mita 1.2 zinakupa kama mita 3,370 za mpira kwa ekari, matundu 11,000 na ushee, kila tundu linapata chini ya lita moja kwa siku nzima. Na umeligawa mara mbili! Kwenye mfinyanzi nusu lita inalowesha kikombe tu pale juu, sehemu yake inapanda na jua, mizizi ya chini haijawahi kuonja. Sensa yako imekaa ndani ya hicho kikombe. Haikudanganyi, inakuambia habari za hapo ilipo.

Kuoza kitako ni kweli ni kalsiamu, lakini kalsiamu inasafiri na maji, na mara nyingi udongo unayo ya kutosha, kinachokosekana ni maji ya kuipeleka kwenye tunda bila kukatika katika. Kupiga ya majani hakusaidii sana kwa sababu haihami kutoka kwenye jani kwenda kwenye tunda. Hela hiyo tafuta tenki la pili.

Kabla hujagusa waya chukua koleo, chimba kando ya mmea mpaka sentimita 40, kwenye mfinyanzi na kwenye kichanga. Finya udongo mkononi kila kina. Ukibaki donge na vidole vimeacha alama una maji, ukimeguka vumbi huna. Mimi nimefanya kazi ya umwagiliaji mpaka nimestaafu na hakuna kifaa nilichowahi kukiamini kabla ya kuchimba kwanza.

Mama_Kalenga

Shikamoo mzee. Naongezea upande wa kina. Hapa kwetu Iringa kwenye skimu za Kiwere na Magozi kulikuwa na mradi ulioanza 2013, Waaustralia wa shirika la utafiti la CSIRO wakiwa na Chuo Kikuu Ardhi, wakaleta vipimo vinaitwa Chameleon. Havitoi namba, vinatoa rangi. Bluu maji yapo tele, kijani yapo wastani, nyekundu mmea unahangaika. Na vinafukiwa vina tofauti kwenye shimo moja, ndo nilichokipenda mimi. Wakulima waliona juu pamekuwa kijani lakini chini bado bluu, wakaanza kuruka zamu za maji, na mbolea ikaacha kuzamishwa chini kusikofika mizizi. Wao tatizo lilikuwa maji mengi ya mfereji, wewe ni kinyume, lakini dawa ni ile ile, uone juu na chini kwa wakati mmoja.

Kwa nyanya weka moja sentimita 15 hadi 20 na nyingine 40. Ya juu inakwambia lini ufungue, ya chini inakwambia lini ufunge. Ukimwagilia na ya chini haisogei kabisa siku nenda rudi, hayafiki. Ikiwa imelowa muda wote bila kushuka, unapoteza maji na yurea. Nimelima miaka mingi kwa macho tu na nasema kwa moyo wote, kuona kinachoendelea chini kunabadilisha kila kitu.

Nyanya_Mbuyuni

Asanteni sana jamani. Mzee shikamoo, nimechimba leo. Kwenye mfinyanzi pale kwenye sensa vidole kumi vya juu ni tope, chini ya hapo pakavu kabisa, mizizi yote imejikunja juu. Kwenye kichanga maji yamefika kama sentimita 30 lakini ni unyevu wa kuhesabu. Sasa maswali mawili, nifungue namba gani maana bado hamjanipa, na hili shamba la udongo wa aina mbili nilifanyeje?

MzeeMifereji

Marahaba kijana. Namba ya asilimia hakuna wa kukupa, kila udongo una yake, utaitoa kwenye jedwali la FundiSaketi. Ukipata hela kidogo nunua tensiomita moja, ile ya kikombe cha kauri chini na geji ya mshale juu, hiyo inapima nguvu ambayo mzizi unatumia kunyonya, kwa hiyo inaongea lugha moja kwenye udongo wote. Nyanya kwenye kichanga fungua ikifika kilopaskali (kipimo cha hiyo nguvu, namba ikipanda udongo unakauka) 15 hadi 20, kwenye mfinyanzi unaweza kungoja mpaka 40 au 50. Loweka kikombe usiku kucha, jaza maji yaliyochemshwa yakapoa ili yasiwe na mapovu, na usiiache ipite 75 hivi maana inavuta hewa na utaanza upya. Isimike karibu na sensa yako ya juu, linganisha, baada ya hapo utajua namba ghafi ya sensa inayolingana na 20 kwenye kichanga, au 40 kwenye mfinyanzi, ni ipi.

Shamba ligawe kwa valvu mbili, kila kipande na sensa zake mbili. Mfinyanzi upe maji mengi kwa mkupuo kisha pumzisha siku moja au mbili, kichanga kipe kidogo kidogo kila siku, hata mara mbili sawa. Kwa sasa tenki likiwa moja, peleka matenki yote mawili ya leo kwenye mfinyanzi, kesho yote kwenye kichanga ila uyagawe asubuhi na jioni, mpaka ya sentimita 40 ianze kusogea. Na usifurishe maji ghafla, matunda yaliyokaribia kuiva yatapasuka.

FundiSaketi

Na ukipata tenki la pili liweke mahali palipoinuka kuliko lile la kwanza kama unaweza, maana presha ya matundu ya mwisho wa laini huku chini mtoni na yale ya juu haitakuwa sawa. Kabla ya kuchagua pa kuweka sensa tega makopo chini ya matundu mwanzo wa laini na mwisho, nusu saa, pima. Yakitofautiana sana, sensa weka katikati.